UZI: Siku tisa London, maduka ya vitabu kumi na kitu, begi kilo 31. Karibuni

Mwalimu_Ntinda:
Wadau habari za jioni, nimerudi. Wale mliokuwa mnauliza inboksi kama nimezamia huko jibu ni hapana, nilikwenda kumwona dada yangu, ni muuguzi kule, yeye akalipa nusu ya tiketi na nusu nikatoa mimi kwenye pesa ya SACCO ambayo mama watoto mpaka leo anajua ni ya mabati. Watu wakienda London wanapiga picha na ile saa na lile gurudumu la mtoni, mimi picha ninazo mbili na moja ina kidole changu. Siku zangu zote ziliishia kwenye maduka ya vitabu na sijutii, isipokuwa kitu kimoja ntakisema mbele.

Mnajua nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kampala. Tangu kabineti ipitishe 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima msingi na sekondari, watoto wameongezeka ila vitabu ni vilevile, kimoja benchi nzima. Kwa hivo nilikwenda na swali moja tu kichwani, kuna nini huko kuhusu Kiswahili na kuhusu Uganda ambacho hapa sikioni? Nawaambia mapema, ukiingia mji mkubwa hivo bila swali madirisha yatakuzungusha mpaka miguu ivimbe, halafu unarudi nyumbani na kalamu mbili na mfuko wa kitambaa wenye picha ya bundi.

Bahati yangu ya kwanza ni kwamba dada anakaa Wood Green. Tazameni ramani ya treni za chini ya ardhi, ile laini ya bluu iliyokolea inaitwa Piccadilly, inatoka kwake inapita Finsbury Park, Russell Square, Covent Garden, Leicester Square, Piccadilly Circus. Karibu kila duka ntakalolitaja humu liko kwa miguu kutoka moja ya stesheni hizo. Yani sikubadilisha treni hata mara moja, mtu wa kupotea kama mimi hilo ni jambo kubwa.

Naandika kidogo kidogo, umeme hapa unakuja unatoka.

BodaWaBusia:
Mwalimu umepanda ndege kwenda kuangalia vitabu?? vitabu si viko kwa simu siku hizi. Mi ningeenda Arsenal moja kwa moja

Mwalimu_Ntinda:
Arsenal ina stesheni yake kwenye laini hiyohiyo ssebo, nimepita chini yake mara kama kumi na tano, kila mara nakutolea salamu.

Nalongo_Jinja:
Hahaha. Mwalimu endelea usimjali. Na ramani yangu uliileta ama ulisahau

Mwalimu_Ntinda:
Nalongo ramani ipo, subiri tutaifikia.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la kila mgeni, nikaanza na makubwa. Nikashuka Piccadilly Circus nikaingia Waterstones, wanasema ndilo duka kubwa la vitabu Ulaya. Lile jengo lilikuwa duka la nguo za wanaume, lilifunguliwa 1936, vitabu vimeingia 1999. Nikapanda nikashuka, nikaingia lifti, nikatoka, nikarudi, masaa matatu yamekwisha sijagusa hata kitabu kimoja cha maana. Ni kama kumpeleka mtu wa kijijini soko la Owino umwambie chagua shati. Mbele kidogo mtaa uleule kuna Hatchards, hilo ni la 1797, hesabu wenyewe, Kabaka Mutesa wa Kwanza hajazaliwa bado. Mazulia, ngazi za mbao, wahudumu wa taratibu, kunanukia kama ofisi ya askofu. Nikashika kitabu kimoja nikageuza nyuma kuona bei, nikakirudisha kwa mikono miwili.

Kitabu kipya cha jalada laini kule ni pauni kumi, kumi na moja, na pauni moja haikuwa mbali na elfu tano yetu. Zidisheni. Na hapo vitabu kule havilipiwi ile kodi ya ongezeko la thamani.

Foyles ndio nilipoanza kupumua. Iko barabara ya Charing Cross namba 107, wamehamia jengo hilo 2014 lakini duka lenyewe lilianzishwa na ndugu wawili 1903. Ni kubwa pia ila limepangwa kwa akili. Zamani halikuwa hivo, wazee wa kule wanakumbuka enzi za Christina Foyle, binti wa mmoja wa wale ndugu, ulikuwa unapanga mstari mara tatu kwa kitabu kimoja, mstari wa kuandikiwa karatasi, mstari wa kulipa, halafu unarudi na karatasi yako kuchukua kitabu, manake wahudumu hawakuruhusiwa kugusa hela. Na vitabu vilipangwa kwa mchapishaji si kwa mada, kama hujui nani kachapa basi umeumia. Huyo mama amefariki 1999 na mambo yakanyooshwa.

Mhasibu256:
Mistari mitatu? Hiyo ni haduwea yoyote hapa Kampala kaka. Unaandikiwa huku, unalipa kwa yule mama wa kwenye kibanda cha vyuma, saruji unachukulia getini na mlinzi anakupigia mhuri. Kumbe sisi tumeiga Foyles.

Mwalimu_Ntinda:
Nilicheka peke yangu mle ndani kwa hilohilo.

Foyles ina upande mzima wa lugha za kigeni. Nikatafuta Kiswahili. Kule wanapanga kwa majina ya Kiingereza, kwa hivo Kiswahili kimebanwa katikati ya Kihispania chenye kabati zima na Kiswidi. Kipande chetu kilikuwa shubiri moja na vidole viwili, nilipima kwa mkono. Kamusi, vitabu vya kumfundisha mtalii kuomba maji ya kunywa, basi. Lugha ya watu wote hawa shubiri moja. Nikapiga picha, ndio ile yenye kidole.

NesiWaTottenham:
Mwalimu mbona hukutuambia uko huku, tungekutafutia matooke. Niongeze kwa wanaokuja: msipande treni kama hamna haraka. Basi namba 29 linatoka Wood Green mpaka Trafalgar Square, linapita hapohapo Finsbury Park, Camden, mpaka Charing Cross Road, nauli mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75 na ukiwa ndani ya saa moja unapanda basi lingine bure. Kaa juu mbele, unaona mji wote. Na Jumapili maduka makubwa yanafungua masaa sita tu, ni sheria, usije ukaondoka nyumbani saa kumi na moja jioni baada ya ibada ukadhani utakuta kitu.

Na kitu kingine ambacho wageni hawajui, ingieni yale maduka ya hisani, watu wanatoa vitabu bure wao wanauza kusaidia maskini. Oxfam wana maduka ya vitabu tupu. Siri yake ni mtaa. Mitaa ya watu wenye pesa wanatupa vitabu ambavyo hawajavifungua.

Mwalimu_Ntinda:
Dada asante, hilo basi nililijua siku ya saba, nimepoteza pauni nyingi chini ya ardhi.

Sasa Daunt Books. Hili haliko kwenye laini yangu, nilitembea kutoka Foyles kama nusu saa hivi mpaka Marylebone. Lilianza 1990 ila jumba lenyewe ni la zamani, mbao nyeusi, roshani ndefu pande mbili, mwanga unaingia juu kwenye paa la vioo. Uzuri wake ni mpangilio. Vitabu vimewekwa kwa nchi. Si riwaya huku historia kule, hapana, ukienda Misri unakuta historia ya Misri, riwaya za Wamisri, mapishi, vitabu vya watalii, vyote vimekaa pamoja kama familia. Nikashuka chini moyo unadunda kama naenda kuona matokeo ya mtihani wa taifa wa UNEB, natafuta U.

Uganda ipo. Nusu ya kabati dogo hata haifiki. Na sasa naomba mnisikilize, zaidi ya nusu ya vile vilivyokuwepo siku ile vilikuwa Amin au sokwe. Amin huyu hapa na nishani zake, sokwe huyu hapa kwenye majani, Amin tena, ndege wa Uganda, ule uvamizi wa Waisraeli uwanja wa ndege wa Entebbe 1976 tena na tena. Waandishi wetu wa riwaya, Makumbi alikuwepo, Isegawa alikuwepo, Mungu awabariki maana bila hao wawili mgeni angejua nchi yetu ina watu wawili, dikteta na nyani.

Nilisimama pale mpaka kijana mmoja mhudumu akaja kuniuliza kama natafuta kitu maalumu. Nikamwambia natafuta nyumbani. Akasema ngoja nikuangalizie kwenye kompyuta.

Kijana_Arua:
🤣🤣🤣 kwenye kompyuta

Abu_Bombo:
Hapa mi nimeguswa mwalimu. Sisi Wanubi wa huku Bombo tunaulizwa Amin kila tunapotaja tunakotoka, hata na Waganda wenzetu. Babu yangu alikuwa fundi cherehani, hajawahi kushika bunduki, lakini kwenye vitabu hivyo hayupo na hatokuwepo. Anayeandika anataka kitu cha kuuza.

Mwalimu_Ntinda:
Kabisa mzee wangu. Na usidhani ni Uganda tu, Kenya palepale pembeni ni wazungu na mashamba yao na simba. Tanzania kidogo imeinuka, tangu Gurnah apate Nobel 2021 amepewa nafasi ya kusimama kifua mbele.

Ni baada ya Daunt nikaelewa kwamba maduka mapya yanakuonyesha kile mji unachofikiria kuhusu wewe leo. Nilichokuwa nataka mimi kiko kwa wauza vitabu vilivyotumika, manake hao wanauza walichokifikiria jana na juzi, na wengine hata hawajui wamebeba nini. Nikageuza mpango wote.

Siku ya nne nikaenda Cecil Court. Ni kichochoro cha watembea kwa miguu kati ya Charing Cross Road na St Martin's Lane, pande zote maduka madogo ya vitabu vya kale na ramani na picha, vibao vyao vimekaa kizamani. Mozart aliwahi kupanga mtaa huo na familia yake 1764 akiwa mtoto, kuna kibao. Duka la kwanza nililoingia, jina tuliache, mwenyewe alinifuata kila nilipogeuka kama mama mwenye nyumba anayekufuata na fagio, nikatoka. La tatu lilikuwa la mzee mmoja mpole aliyenyanyua macho, akasema karibu, akarudi kwenye gazeti lake. Hapo ndipo nilipoziona ramani.

Kumbe ramani nyingi za kale zinazouzwa zimetolewa kwenye vitabu. Wanachukua atlasi nzima ya miaka mia mbili mia tatu, wanaichana, kila karatasi inauzwa peke yake, ni kama bucha, ng'ombe mzima hauziki haraka ila maini yataondoka asubuhi. Ramani moja ya Afrika ilikuwa na Nile inatoka kwenye maziwa mawili yamekaa sambamba kama macho, na chini yake milima imechorwa kama vichuguu, imeandikwa Milima ya Mwezi. Hilo wazo limetoka kwa Ptolemaio kabisa, yule mwanajiografia wa kale, wachoraji wakawa wananakiliana tu karne baada ya karne. Ziwa letu halipo. Kampala ni mahali pa kuweka mchoro wa tembo.

Mama_Kasese:
Milima ya Mwezi ni Rwenzori yetu!! Theluji tunaiona sisi asubuhi tukichota maji. Ilikuwa bei gani hiyo

Mwalimu_Ntinda:
Mama, pauni mia moja na themanini. Mshahara wa mwalimu wa Kiswahili mnaujua, ule ni mwezi na nusu. Nikaomba nipige picha, mzee akakataa kwa upole. Hilo ndilo jambo ninalolijutia. Si kwamba ningenunua, najuta kwamba sikukaa pale nusu saa nyingine nikaikariri.

Nalongo_Jinja:
Na huyo Speke aliyekuja kutuambia mto wetu unaanzia wapi, yuko huko?

Mwalimu_Ntinda:
Yuko Nalongo, ana mnara wake wa jiwe jekundu kwenye bustani ya Kensington, umeandikwa jina lake, Victoria Nyanza, Nile, 1864, mwaka aliokufa. Watu wanakaa pembeni wanakula sandwichi. Na maporomoko ya Ripon aliyoyaona 1862 hata hayapo tena, bwawa la Owen Falls liliyafunika 1954, unajua wewe kuliko mimi. Mawe ya kumbukumbu yapo kule na yapo Jinja, maji yenyewe yamezama.

Ramani yako niliichukua Stanfords, Covent Garden. Hao wanauza ramani tangu 1853, zamani walikuwa Long Acre, 2019 wamehamia karibu tu, Mercer Walk. Ni ya kukunja, Uganda nzima, inaonyesha mpaka visiwa vya Ssese na barabara za Karamoja. Pauni kumi na kitu, sikudai.

Nalongo_Jinja:
Webale nnyo mwalimu. Mapacha wataibandika ukutani, nakuja kuichukua nikipanda Kampala wiki ijayo

BodaWaBusia:
Mwalimu hawa watu wana vitabu vya injini? naulizia tu

Mwalimu_Ntinda:
Kumbe! Foyles kabati zima la pikipiki, namna ya kufungua injini mpaka nati ya mwisho, picha za rangi. Lakini ni pikipiki za kwao, Boxer sikuiona.

BodaWaBusia:
Hiyo ni dharau. Boxer ndo inabeba nchi. Haya, mimi nikienda Nairobi kuchukua spea huwa napita kwa wale wauza vitabu wa chini barabarani, tunaita vya kuinama, nimepata hapo kitabu cha waya za umeme wa magari kwa bob mia na hamsini. Msidhani sisomi

Mwalimu_Ntinda:
Nakutoa kofia ssebo, na vya kuinama London vipo. Chini ya daraja la Waterloo, upande wa kusini wa Thames, meza ndefu zimepangwa nje, daraja ndilo paa lao kwa hivo mvua ikinyesha biashara inaendelea, kila siku wapo. Vitabu vya pauni tatu, tano, saba. Unainama, unavuta, unafuta vumbi kwa kiganja. Hapo nilikaa nusu siku na upepo wa mto umenikata masikio, nikapata vitabu vitatu vya ule mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Afrika, ulioanza 1962, mwaka uleule waandishi wa Afrika walikutana Chuo cha Makerere hapa Kampala. Majalada ya machungwa yamepauka. Kimoja kina jina la mwanafunzi na kidato kwa wino wa bluu, sitasema la nani.

Halafu Skoob, karibu na Russell Square, unashuka chini kwenye ghala. Soma jina lake kinyumenyume mtajua. Vitabu mpaka dari, mabomba yanapita juu ya kichwa, joto kama bekari. Nilitafuta kwenye lugha, nikapiga magoti kabati la chini kabisa nyuma ya kiti, nikavuta kitu cha kijivu. Sarufi ya Luganda, Longmans, 1954. Waandishi ni wanne, wa kwanza ni Ashton, yuleyule wa sarufi ya Kiswahili ya 1944 ambayo walimu wetu walitutesa nayo, na ndani yake wamo Waganda wawili, Mulira na Ndawula. Mulira yule wa siasa za miaka ya 50, mwanzilishi wa Progressive Party. Nimesoma chuo miaka mitatu hakuna aliyeniambia kwamba mama wa sarufi ya Kiswahili alikaa akaandika na ya Luganda. Nimelipa pauni kumi na nne bila kuuliza mara mbili.

Mhasibu256:
Na maduka ya watu weusi hakuna? Nimesoma mahali kuna moja la zamani sana

Mwalimu_Ntinda:
New Beacon, Finsbury Park, laini yangu ileile. Lilianzishwa 1966 na John La Rose wa Trinidad na Sarah White, walianza na kuchapisha na kuuza kwa pamoja, enzi ambazo kitabu cha mtu mweusi ukikitaka London unakitafuta kwa tochi. Ni dogo, ukiingia watu watano mnapishana kwa kusameheana. Limeponea chupuchupu kufungwa, wateja wakachanga. Hapo sikuona sokwe hata mmoja. Niliongea na mama mmoja mteja wa Jamaika karibu saa nzima, akaniuliza yule mshairi wetu Okot p'Bitek bado anasomwa kwetu? Nikasema anatungiwa mtihani, akasema si hicho nilichokuuliza. Nikanyamaza. Angalieni masaa yao kabla hamjaenda, si duka la kufungua kila saa.

NesiWaTottenham:
Huyo mama namjua mimi kwa tabia, hata kama simjui kwa sura 😂

Mwalimu_Ntinda:
Sasa lile lililonifanya niandike uzi huu wote.

Mbele ya Makumbusho ya Uingereza, mtaa wa Great Russell, kuna duka linaitwa Arthur Probsthain, 1903, mwaka mmoja na Foyles. Wao ni Asia na Afrika tu, na SOAS, chuo ambako Kiswahili kinafundishwa, kiko nyuma hapo. Nimeingia saa tisa alasiri mvua inanyesha, viatu vinalia kwichi kwichi. Nikauliza Kiswahili, nikaonyeshwa. Kati ya kamusi na vitabu vya dini kulikuwa na kijitabu chembamba ambacho mgongo wake hauna hata maandishi, ungeweza kukipita mwaka mzima. Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Abdul Karim bin Jamaliddini, tafsiri ya Whiteley. 1957. Kiambatisho cha jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Na ofisi ya Kamati mwaka huo iko wapi? Makerere. Kampala. Hapa kwetu kilimani.

Nilisimama nimekishika maji yanadondoka kwenye koti mpaka dada wa dukani akaniletea kiti.

Kijana_Arua:
Subiri kidogo. Ofisi ya Kiswahili Kampala? Mwalimu tusidanganyane, sisi tumekua tunaambiwa ni lugha ya askari na wezi wa usiku, imeletwa na bunduki

Mwalimu_Ntinda:
Sidanganyi. Ile Kamati ilianza 1930 Dar es Salaam, ndiyo iliyosanifisha Kiswahili tunachoandika hapa. 1942 ikahamia Nairobi. 1952 ikaja Makerere ikakaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 ikaenda Mombasa, ndipo ikarudi Dar na 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Yani miaka kumi hivi mtu wa Lamu au Kilwa akitaka neno lake likubaliwe barua inakuja Kampala. Halafu mtoto wa Kampala anakaa mbele yangu darasani ananiambia sir hii lugha si yetu.

Abu_Bombo:
Sisi Bombo hatukungojea kamati wala kabineti, tunaongea Kinubi nyumbani na Kiswahili sokoni tangu wazee. Lakini hili sikulijua. Pauni ngapi?

Mwalimu_Ntinda:
Kumi na mbili. Ningetoa hata thelathini, dada wa dukani asisome hapa.

Mhasibu256:
Samahani kaka nikuharibie raha. Makerere maktaba kuu kuna sehemu ya Africana. Wewe unakaa Ntinda. Hiyo ni teksi mbili. Umeenda mpaka London na nauli ya SACCO kutafuta kitu ambacho pengine kimelala Makerere?

Mwalimu_Ntinda:
Nilijua utakuja na hiyo, na umenipiga sawasawa sina jibu la kishujaa. Ningeenda Makerere kutafuta nini wakati sikujua kwamba kipo? Katalogi haikwambii kitu ambacho hujakiuliza. Duka la vitabu unatafuta sarufi unakanyaga utenzi, ndiyo kazi yake. Lakini nimeenda Makerere, Jumanne iliyopita, nimejaza fomu, nimeacha begi mlangoni, nimekaa na majarida ya Kamati ya miaka hiyo mpaka wakazima taa. Ntaandika uzi mwingine wa hayo.

NesiWaTottenham:
Turudi kwenye kilo 31. Ulipitaje

Mwalimu_Ntinda:
Ruhusa ni kilo 23. Dada alinitahadharisha siku ya nne, siku ya sita, siku ya nane akanyamaza. Pale kaunta mzani ukasoma 31, yule binti akaniangalia nikamwangalia. Nikafungua begi palepale sakafuni mbele za watu, viatu viwili na suti ya harusi ya shemeji vikarudi Wood Green na dada, Heinemann tatu zikaingia mifuko ya koti, sarufi ya Luganda nikaiweka mgongoni ndani ya shati nikaifunga na mkanda. Nimekaa kwenye kiti mpaka Addis wima kama mwanajeshi wa gwaride. Jirani yangu akaniuliza una shida ya uti wa mgongo? Nikasema ni Longmans.

Begi la mkononi hawakulipima. Lile ndilo lilikuwa zito.

Mama_Kasese:
Banange 😂😂 na suti ya shemeji?

Mwalimu_Ntinda:
Inakuja na mtu Desemba. Shemeji haongei na mimi.

Kijana_Arua:
Mwalimu huo utenzi unaweza kutupigia picha kurasa mbili tatu? Nataka kumwonyesha bibi, baba yake alikuwa anaimba vitu kama hivo vya vita

Mwalimu_Ntinda:
Kesho umeme ukirudi. Saa hizi kiko kwa watoto wa S2, kidato cha pili, nimewapa waunakili kwa mkono beti kumi kumi, kila benchi. Benchi la nyuma wameanza kugombania zile beti za mapigano. Nalongo, ukija wiki ijayo pitia shuleni ramani utaikuta kwa mlinzi, usipite nyumbani. Mama watoto ameanza kuuliza mabati yatafika lini.